Timu ya Akiba

Siku ile mtoto wa mdogo wangu hakukaa kitini. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akaenda dirishani kutazama kama tramu za Laeken bado zinapita, kana kwamba zingegoma kwa sababu yake. Ana miaka kumi na minane. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, akakulia Marekani, na wiki mbili alizokuwa akijaribiwa na klabu moja ya hapa Brussels alilala kwenye sofa yangu, miguu ikining'inia. Klabu ilimtaka. Angetia saini saa tisa alasiri. Kwa umri wake hakuhitaji ruhusa ya mtu, lakini alisema hatashika kalamu mpaka mama yake, huyo mdogo wangu, akubali, na mama yake alikuwa amekataa.

Kosa lilikuwa langu. Jana yake nilimtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti nikimweleza taratibu: klabu ina timu kubwa, ile ya kwenye televisheni, na ina ya pili, ya vijana wanaoandaliwa. Hiyo ya pili nikaiita timu ya akiba. Nikasahau kwamba redioni mchezaji wa akiba ni yule anayekaa benchi akingoja mwenzake aumie.

Jibu lilikuja fupi, likianza na yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, mutoto aache chuo, avuke bahari, ju ya kukaa ku banc? Arudi."

Saa saba tukampigia. Kwake, Marekani, ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka, anajiandaa kwenda kazini. Nilianza upya, polepole, kama ninavyowaeleza wagonjwa wangu kule hospitalini Jette. Timu hii ina kocha wake, nikasema. Ina ligi yake, ina mechi zake.

"Lakini ni ya akiba."

"Ni ya akiba."

"Akiba ni unga, yaya. Unaweka ku stoo, unangoja njaa."

Kijana akacheka bila kutaka, kisha akasimama tena. "Mama mukubwa, mwambie vile wao wanaiita. Imeandikwa ku jezi."

Neno hilo nilikuwa nikilifua na kulianika kwenye kamba, pamoja na jezi yake, wiki mbili nzima. "Hapa wanaiita espoirs," nikasema.

Mdogo wangu alisoma Kifaransa kwa masista, Bukavu. Hakuhitaji kuambiwa kwamba ni matumaini.

"Espoirs? Ya wingi?"

"Ya wingi. Na s yake."

"Bon. Ungesema toka jana." Akaomba nimpe mwanawe simu. "Saini. Lakini siku watakuweka ku banc, uniambie wewe mwenyewe. Mama mukubwa wako anaeleza sana."

Alisaini saa tisa na robo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jukwaani, kwenye manyunyu, na yeye hakuwamo kati ya kumi na mmoja walioanza. Alikaa benchi, akifunga kamba za viatu na kuzifungua. Kipindi cha pili simu yangu ikaanza kutetemeka: mama yake. Kijana aliniona nikiitoa mfukoni, akanitikisia kichwa kunikataza. Basi sikujibu. Niliishika ikitetemeka mpaka ikatulia, na yeye akainuka, akavua koti, akaanza kukimbia kando ya uwanja, huku na huku, macho kwa kocha.