Mtani Aliyelala Kaburini

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa mahakama ya Kigoma alinitazama viatu kabla ya kunitazama usoni. "Mnyamwezi wewe, kutembea hakukushindi," akasema. "Samansi mkononi mwa shahidi. Si kwa jirani, si chini ya mlango. Umesikia?"

Nilikuwa nimetoka Cheyo, Tabora, kuja kupeleka samansi, yaani hati za kuwaita watu shaurini. Jengo letu la mawe, la enzi za Wajerumani, lilitazama bandari, na bandari ndiyo iliyotupangia kazi: kesi za wasafiri zilitangulia, maana shahidi akishapanda meli, ndiyo basi tena. Baadaye nilihamishiwa Sikonge, nikazunguka na baiskeli vijiji vya warina asali, kisha nikarudishwa Kigoma. Hapo ndipo ilipokuja kesi nisiyoisahau.

Mzaramo mmoja, kuli wa bandarini, alishtakiwa kwa kuvuruga mazishi. Mzee wa Kinyamwezi alikuwa amefariki, naye kuli akaingia kaburini, akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani asipofanya vituko msibani, wafiwa hununa. Lakini mtoto wa marehemu, aliyekulia mbali, aliona baba yake amedhalilishwa. Jela ilikuwa inamwita kuli, na kazi angeipoteza. Aliomba shahidi mmoja tu, mjane wa marehemu.

Hakimu akasaini samansi. Nilipofika nyumbani kwa mjane, yule mtoto wake akanizibia mlango. "Mama anaumwa. Ondoka!"

"Nitaondoka nikishampa mkononi."

Hasira zilinipanda, siwafichi, lakini nilikaa palepale barazani, jua likinichoma, hadi mama mwenyewe akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete hiyo karatasi, mwanangu."

Kesho yake alisimama kizimbani, akamtazama mwanawe. "Baba yako naye aliwahi kulala kwenye kaburi la baba wa huyu mtani, siku ya kumzika, watu wakacheka na kulia. Huyu angekaa kwake, ningejua tumezika mtu asiye na watu."

Hakimu akamwachia huru kuli.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnatuma wito kwa simu. Sawa, ila hakikisheni umemfikia mwenyewe. Mama yule alipofariki nilikwenda kumzika. Mtani naye alikuja, amezeeka, miguu haimbebi. Mwana wa marehemu ndiye aliyemshika mikono, akamteremsha kaburini taratibu, huku akilia.