Siku Nilipompandisha Mama Mkwe Jukwaani

Acha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Kathonzweni, maana wao wataongeza chumvi hadi chakula kisilike: mimi, mwalimu wa fasihi, niliandika mchezo wa kumsema mama mkwe wangu, nikamwalika aje atazame, nikamkalisha kiti cha mbele kabisa, na kana kwamba hiyo haitoshi, nikamvalisha mwigizaji leso ya mama mkwe huyohuyo.

Sasa mnisikilize, na msicheke kabla sijamaliza. Kila muhula nasimama mbele ya kidato cha tatu na chaki mkononi nikiwaambia kwamba mwandishi mzuri hahubiri, anaumba mtu, anampa mtu huyo tamaa yake na woga wake, halafu dhamira inajitokeza yenyewe, iwe ni kitabu au filamu. Nawaambia mhusika bapa, yule wa tabia moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hatufunzi sana. Tunafunzwa na mhusika duara, mwenye pande nyingi kama sisi wenyewe. Naisema vizuri hiyo habari (kuna siku nilijipigia makofi kimoyomoyo). Kuitenda ndiyo ikawa kazi.

Mwalimu mkuu aliniomba mchezo mfupi wa siku ya wazazi, juu ya uchoyo wa maji, kwa sababu kiangazi kilikuwa kimeanza kukaza. Nikahitaji mchoyo. Na mchoyo, nikafikiri, si ninaye nyumbani?

Mama wa mume wangu tunamwita Mwaitu, ndiyo mama kwa Kikamba. Tunaishi bomani kwake, na tangu mtoto wangu Mumbua awe wa miezi mitatu, ni yeye anamlea ili mimi niende kazi. Lakini Mwaitu ana tangi kubwa la maji ya mvua, na bomba lake lina kufuli, na ufunguo wa kufuli huufunga kwenye ncha ya leso. Jirani akija na mtungi, Mwaitu hakimbilii kufungua. Anakohoa mara mbili, anaangalia mbinguni, anauliza, "Huko kwenu mko wangapi?" Halafu, "Na jana nani alioga?" Akisharidhika na majibu ndipo anafungua, mtungi mmoja, basi.

Nikaandika yote. Kikohozi, mbingu, nani alioga. Nikambandika jina la Bi. Birika, kwa kuwa mchoyo ana mkono wa birika, na mwishoni tangi lake likapasuka kijiji kizima kikamcheka. Nilijiambia Mwaitu hatajijua, nyani haoni kundule (ndiyo, niliwaza hivyo juu ya mtu anayemwogesha mtoto wangu, na kumbe nyani nilikuwa mimi).

Asubuhi ya siku yenyewe, Kasyoka, msichana aliyekuwa aigize Bi. Birika, akanitumia ujumbe kwa simu ya mamake kwamba leso aliyoahidi kuleta hakuipata. Mimi huyo natoka mlangoni, naona leso ya Mwaitu juu ya kiti, mwenyewe yuko kwa mbuzi, nikaichukua. Nitairudisha kabla hajajua, nikasema. Uamuzi mdogo hivyo, wa kama sekunde tatu.

Wazazi wakajaa chini ya hema. Mwaitu akafika akihema, akakaa mbele kando ya pasta, akanivuta sikio karibu: "Mwalimu, ufunguo wa tangi umepotea. Nimewaacha watu na mitungi pale nyumbani. Nimetafuta hadi kwa kuku."

"Pole, Mwaitu. Utaonekana tu," nikamwambia, na haki ya Mungu, bado sikushtuka, akili yangu yote ilikuwa kwenye mchezo.

Kasyoka akatokea. Msichana ana kipawa yule, alikohoa, akaangalia mbinguni, watu wakaanza kucheka, na mimi nikavimba kichwa. Kisha nikaona shingo zinageuka, mtu anamfinya mwenzake, mwenzake anaelekeza mdomo kwa kiti cha mbele. Kasyoka alipouliza, "Na jana nani alioga?" mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Aiya! Huyo tunamjua!"

Hapo ndipo Kasyoka akashika ncha ya leso. Tulikuwa tumekubaliana ajifanye tu anatoa ufunguo, lakini vidole vyake vilikuta fundo la kweli, akalifungua, na ufunguo wa kweli ukaanguka kwenye mbao, ukalia ukasikika hadi kwa waliokuwa jikoni.

Mwaitu akasimama. "Ufunguo wangu!"

Hema lote likapasuka kwa kicheko. Mume wangu Mutua, aliyekuwa akishughulikia vipaza sauti, akajifanya anatafuta waya. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikamkimbilia Mwaitu nikamshika mkono. "Mwaitu, nisamehe, sio wewe huyo..."

"Kama sio mimi, leso ni ya nani?"

Mwaitu akapanda jukwaani polepole, akaokota ufunguo, akaufuta kwa kiganja. Nikajua nimeharibu nyumba yangu kwa mkono wangu, kwamba jioni hiyo nitafunganya, nimtafutie mtoto wangu mlezi mwingine, na sababu itakuwa mchezo wa dakika kumi.

Akamgeukia Kasyoka. "Mtoto wangu, unaigiza vizuri. Lakini mimi nakohoa mara mbili, si tatu." Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. "Na huyu mama, mwalimu amesema anafunga tangi kwa nini?"

Kasyoka akaniangalia, akaangalia karatasi. "Haijaandikwa, susu," akasema, kama tunavyowaita nyanya zetu.

Haijaandikwa! Mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya wanafunzi ninaowakata alama kwa kosa hilohilo.

"Basi mimi nitasema," Mwaitu akasema. "Tangi likiwa jipya nililiacha wazi. Nani hajachota hapa? Maji yakaisha kabla ya mwezi wa tisa. Halafu mtoto wangu akaanza kuhara, na kwangu hakuna hata kikombe. Nikaenda kuomba kwa wale niliowapa. Nao hawakuwa nayo. Si wabaya, hapana. Tulikuwa tumeyamaliza pamoja. Nilichimba mchanga mtoni na mikono, mtoto yuko mgongoni, nikidhani namzika." Akaelekeza ufunguo kwa Mutua. "Ni huyo ameshika waya. Sasa nafunga ndio mwezi wa kumi mkija, mnipate na kitu."

Akashuka, akakaa, akasema, "Endeleeni."

Kuendelea na nini? Nilikuwa nimebakisha tangi la kupasuka. Lakini Kasyoka (Mungu ambariki) akakunja ile karatasi, akakohoa mara mbili, akaangalia mbinguni, akauliza, "Huko kwenu mko wangapi?" Maneno yangu yaleyale, hakuna hata nukta iliyobadilika, ila sasa ilikuwa ni mama anayepigia hesabu watoto wa wenzake. Nikalia pale kando ya jukwaa, nikalia nikasahau aibu.

Nilifika nyumbani na hotuba ya msamaha mdomoni. Mwaitu alikuwa anamwogesha Mumbua kwa beseni, maji kidogo tu chini. Nikaanza, "Mwaitu, leo nimekukosea..." akanikatiza, "Shika mtoto, anateleza." Akajifuta mikono, akachukua ncha ya leso yangu mimi, akafungia ufunguo ndani. "Kesho naenda Ikutha kwa dada yangu, wiki mbili. Watu watakuja. Utawaonea huruma, lakini usisahau Oktoba."

Nashukuru, jamani. Nashukuru kwa sababu angeweza kunifukuza na kijiji kizima kingemtetea, naye akanipa ufunguo. Nimeapa sitaandika tena juu ya mtu yeyote kabla sijamuuliza kwa nini.

Asubuhi iliyofuata jirani akaja na mitungi minne. Nilikuwa nimepanga kutabasamu na kufungua. Kabla sijafungua mdomo, nikajisikia nakohoa. Mara mbili.