Daftari Nililompa Mlezi

(Jina la dada huyu, chuo chake na kijiji chake tumevificha kama alivyoomba.)

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa huku mlimani, sijaolewa, nasoma shahada ya pili katika chuo kimoja cha hapa Moshi. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho hakinitoki hata nikioga.

Shahada ya kwanza niliisoma mbali na nyumbani na sikuwahi kuwa mpweke. Bwenini tulikuwa wengi, ukikwama unagonga mlango wa jirani. Nilidhani na huku itakuwa hivyo hivyo. Nilikuta tuko saba tu, kila mtu na mada yake, kila mtu kajifungia chumbani. Wiki mbili nilizunguka na fomu. Maktaba wanasema leta barua ya idara, idara wanasema msimamizi wako yuko safarini, bwenini wanasema vitanda ni vya wale wa shahada ya kwanza. Nililala kwa rafiki wa mama kule Rau, asubuhi natembea kwa miguu hadi chuoni. Kidogo tu nirudi nyumbani.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuwapokea wanafunzi wa shahada ya pili. Nitamwita Mlezi, maana ndivyo tunavyomwita wote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kiti, akaniuliza kama nimekula. Siku hiyo hiyo nikapata chumba, barua ya maktaba na mashine ya taipu ya kuazima. Mnajua sukari ni ya foleni mjini kote, lakini chai ya Mlezi ilikuwa tamu. Nilimwandikia mama kwamba nimepata baba chuoni.

Utafiti wangu ni kuhusu akina mama na vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo yenye migomba na kahawa. Nilianzia kijijini kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Yeye ndiye aliyenipeleka nyumba kwa nyumba akiwaambia wenzake, "Huyu ni mtoto wetu, semeni." Wakasema. Waliniambia jambo ambalo mtu hamwambii bwana shamba: walikuwa wameng'oa mibuni kimyakimya na kupanda maharage na nyanya. Kung'oa mbuni ni kosa, hilo mnalijua. Shangazi mwenyewe alikuwa ameondoa safu nzima karibu na mfereji. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu huku akimenya ndizi, "Wanangu hawali kahawa." Nikaandika vile vile, na jina lake pembeni.

Mlezi akaniomba daftari. Alisema wanafunzi wapya hupotea kwenye kupanga maelezo, basi aliangalie anisaidie. Nilimpa bila kusita. Alikaa nalo siku nne, akanirudishia likiwa na alama za penseli na maneno, "Kazi nzuri, binti."

Mwezi haukuisha. Akina mama kumi na mmoja waliitwa mbele ya mkutano wa kijiji. Bwana shamba alisimama na karatasi iliyopigwa taipu, akasoma majina, hesabu ya mibuni, na maneno ya kila mmoja. Shangazi akasikia mwanamume anasoma, "Wanangu hawali kahawa." Watu wakacheka. Waliamriwa kung'oa maharage yakiwa kwenye maua na kupanda mibuni upya. Shangazi, kwa kuwa alimjibu bwana shamba, akawekwa ndani siku mbili.

Nilipanda kwenda kumwona. Alisimama mlangoni, hakunipisha.

"Yale maneno niliyasema jikoni kwangu," aliniambia. "Tulikuwa wawili."

Nikaanza kujieleza huku nalia. Akasema, "Rudi chuoni," akafunga mlango.

Nikamwendea Mlezi. Sikumwamkia. Hakukana hata kidogo. Alisema viongozi walitaka kujua hali ya kahawa, naye alikuwa na maelezo mazuri mezani. "Utafiti ni mali ya taifa, binti. Kama hukutaka majina yajulikane, kwa nini uliyaandika?" Kisha akanimiminia chai. Akasema tasnifu yangu ataitetea mwenyewe mbele ya kamati, na nikimaliza nitabaki chuoni niwe msaidizi wake, niwapokee wageni, kwa sababu naelewa shida zao.

Ndugu zangu, niliinywa ile chai. Niliinywa mpaka ikaisha, nikasema asante. Sasa sijui ninayemchukia zaidi ni nani. Yeye Jumapili anasoma neno kanisani kwa sauti ile ile ya upole, kisha anarudi kukaa, na mimi niko kiti cha tatu nyuma yake nikitazama kisogo chake, mate yananijaa mdomoni.

Juzi ameniletea msichana mpya, mpole, ametoka kwenye fomu na foleni zile zile. Utafiti wake ni wanawake wa Mabogini wanaovusha mchele mpakani Holili kwenda Kenya kwa magendo. Amekwisha kuongea na ishirini. "Dada," aliniambia, "Mlezi amesema nianze kwako ndipo niende kwake. Nikuachie daftari?" Nilimwambia akae nalo hadi Jumatatu.

Nikimweleza ukweli, habari zitamfikia Mlezi, na bila sahihi yake tasnifu haipiti, miaka yangu miwili imekwenda bure. Kwa mkuu wa chuo siwezi, wamesoma pamoja na wanataniana. Nikinyamaza, wale wanawake hawataambiwa wapande mpunga upya, watafungwa. Msiniambie niombe, nimeomba sana.

Wenzangu mliopita shule na mlioishi na watu, Jumatatu asubuhi huyu mtoto wa watu atagonga mlango wangu. Nishaurini, nimwambie nini? Na shangazi yangu, nikienda tena kwake, sura yangu nitaiweka wapi?