Blanketi la Kufunikia Pilau

Nikiikumbuka harusi ile ya Wembley mpaka leo natafuta pa kuuficha uso, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo (nilikuja London sijui kusoma hata bango la basi, nikafagia maofisi ya watu, leo harusi za Wazanzibari hapa haziwekwi siku mpaka niulizwe mimi mpishi nina nafasi).

Pilau ikishaiva hupaliwa makaa, lakini makaa London utayawashia wapi, kengele za moto zitalia ukumbi mzima, kwa hiyo mimi sufuria nilikuwa naizungushia blanketi, tena moja tu, zito, la mistari myekundu na myeusi, aliloachiwa marehemu mama na Mmarekani mmoja ambaye mama alikuwa akimfulia nguo Unguja, kituo chao cha kufuatilia vyombo vya angani kilipofungwa baada ya Mapinduzi wakaondoka mbio mbio.

Basi nimeshafunua sufuria, blanketi nimelitupa kitini, akaja mama mmoja wa Kizungu, mwenzake bi harusi kazini kwenye mnada wa vitu vya kale, akainama, akalishika pembe, akaligeuza, akaniuliza kwa upole ni la nani. Nikaona huyu anatazama madoa ya mafuta, sasa hivi atasema chakula changu kichafu.

"Si langu," nikasema.

Wifi yangu Salma, hakuna kinachompita, akadakia, "Kama halina mwenyewe nalichukua mie, nikatandike kwenye buti la gari."

Nikashika upawa, nikaendelea kupakua (si langu nishasema).

Yule Mzungu akamwambia Salma asithubutu kulitandika, hiyo ni kazi ya mkono ya Wanavajo, wenyeji wa Marekani wa tangu na tangu, ya zamani sana, likienda mnadani mwenyewe anarudi na gari jipya. Salma akalikumbatia kama mtoto mchanga.

"Lete blanketi la mama," nikamwambia.

"Mama yupi tena, wifi? Si umelikana mbele ya watu?"

"Nimelikana kwa sababu ya madoa."

"Basi na madoa yake nishayachukua."

Meza za karibu zikaacha kula. Mama wa bwana harusi, Bi Rukia, akaja kutuamua, akaliomba, akalinusa, akampa wa pili akalinusa, likazunguka ukumbi pua kwa pua, wanawake na dhahabu zao, mpaka likamfikia bi harusi juu ya jukwaa.

"Bizari hii ya mpishi wetu Zuwena," Bi Rukia akatangaza kwenye maikrofoni, "naijua hata nikifungwa macho. Salma, mwachie mwenzio kitu chake."

Walicheka mpaka wanja ukawachuruzika. Kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni kuwa kitu cha mama yangu nilikikana kwa doa la mafuta, na mafuta yenyewe ni ya jasho langu.

Sikuliuza. Liko kabatini, sufuria naifunika kwa blanketi la dukani, na siku hizi nikiulizwa kitu hiki cha nani, hata ikiwa soksi iliyotoboka, nasema changu, halafu ndiyo nauliza kuna nini.