Geti la Kijani kwenye Ukurasa wa Tisa

Nilipokuwa nachora historia ya mahipi wa Kisumu, niliogopa kitu kimoja tu: kukosea. Hao walikuwa wachoraji, washairi na wapiga gitaa waliokataa kazi za ofisi, wakafuga nywele na kuishi pamoja katika nyumba moja nyuma ya Milimani. Wazazi wetu walituonya tusipite hapo. Mimi nikaifanya hadithi yao kitabu cha katuni. Na kwa vile mchora katuni mvivu hujulikana kwa ukuta mtupu nyuma ya watu wake, nilikaa barabarani siku tatu nikichora kila kitu: geti la kijani, tangi la maji lililopinda, kibanda cha fundi baiskeli mkabala. Nilijivuna, sikatai.

Kati yao wote alikuwa amebaki mzee mmoja katika nyumba ile, na mkono wake haukuwa umezeeka. Vijana walipoandamana na wengine wakatoweka mikononi mwa askari kanzu, yeye alichora nyuso zao kwenye kuta za mjini. Hakutia sahihi. Mimi, kwenye ukurasa wa tisa, nilimweka mlangoni kwake, brashi mkononi, akimalizia uso mmojawapo. Sahihi nilimtilia mimi.

Siku ya maonyesho ya vitabu, nilipokuwa nauza kitabu changu, mchana, alikuja mezani kwangu mwanamume mwenye viatu safi mno. Hakucheka pale wengine walipocheka. Alipofika ukurasa wa tisa aliupiga picha kwa simu, akaniuliza kwa upole kama huwa nachora vitu vya kweli. Nikamjibu kwamba sibuni hata msumari. Akashukuru, akaenda zake. Nilijua ni nani wanaouliza hivyo, na watu huchukuliwa vipi.

Simu ya mzee ilikuwa imezimwa. Nilikimbia kwa miguu, nikigeuka kila niliposikia gari. Nilimkuta anakunywa chai. Nilimwekea kitabu mbele, nikamweleza habari za yule mtu na picha yake huku nalia. Akaupitisha kidole ule ukurasa, toka kibanda cha fundi hadi getini.

"Nyathina," akasema, kwani huniita hivyo, yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, "umenichora vizuri. Lakini mbona umewachorea na njia?"

Akafunga brashi zake ndani ya shuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Jioni majirani waliniambia gari lilisimama getini saa nzima.

Wako wanaojua alikohamia, na wamesema nikiuliza wataniambia. Siulizi. Najijua: nikipajua, nitapachora.