Jeni Aliyepuliziwa Dawa Getini

Jeni alipuliziwa dawa ya wadudu mwilini, mchana kweupe, kwenye geti la nyumba ya wageni ya ufukweni mwa ziwa, kwa sababu ni mweusi. Hilo ndilo kosa lenyewe, na maneno mengine yasije yakalifunika.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, Mkisi wa kuzaliwa, kabila la wafinyanzi, aliyeolewa na Mnyakyusa upande wa Mwaya. Shule hakuiona. Anafinyanga vyungu kama mama yake alivyofinyanga: dongo linakaa chini limetulia, na mfinyanzi ndiye anayelizunguka kinyumenyume mpaka mdomo wa chungu ukae sawa. Siku ile mgeni mmoja wa nyumba ile alikuwa amemwagiza vyungu sita. Jeni akavifunga kwa nyasi, akajitwika, akaenda.

Mbele yake waliingia mabinti wawili wa kizungu, tope la majaruba limewafika magotini, na mbwa wao aliyelowa. Hakuna aliyewauliza kitu. Yeye akasimamishwa. Mwenye nyumba, mzungu aliyekuja kujenga pale ziwani, akatoka na kusema kwamba weusi wa vijijini wanamletea kunguni. Vipuliziwe dawa vyungu, na mwenye vyungu pia. Mlinzi wake, Davidi wa Talatala, akajifunga mgongoni bomba la kupulizia mikakao.

"Davidi, mtoto wa Anyes, unanipulizia mimi?"

"Fumba macho, mama. Nimeamriwa."

"Na wale mabinti na mbwa wao?"

"Fumba macho, mama, nakuomba."

Akafumba. Dawa ikamwingia puani, ikamshuka shingoni, ikalowesha kanga. Siku tatu kila alichokula kilikuwa na ladha ile. Mpaka leo akikumbuka, mate yanamjaa mdomoni, anageuka pembeni na kutema.

Miezi mitatu baadaye wakaja watu wa shirika moja la nje: mzungu mrefu mwenye begi, mpiga picha wake, na Neema, binti wa Kitanzania aliyekuwa mkalimani. Neema akaeleza kwamba mataifa yametenga miaka kumi ya kupigania heshima ya watu wenye asili ya Afrika, na kwamba kutakuwa na mkutano mkubwa Ulaya. Wanakusanya ushahidi wa waliodhalilishwa kwa rangi yao.

"Wenye asili ya Afrika ni wale waliopelekwa ng'ambo," Jeni akasema. "Na sisi tuliobaki?"

"Na ninyi, mama. Sema tu."

Akasema yote, geti, mbwa, bomba. Neema akaandika, akamsomea, na Jeni akabonyeza dole gumba chini ya karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alihisi kifua kimelegea.

Wageni wakaaga. Jeni akawasindikiza kwenye kinjia cha migombani. Mzungu alikuwa ametangulia, akageuka kurudi kuchukua kofia aliyoisahau, na nyuma yake, hatua chache tu, akatokea mzee Ambokile, baba mkwe wake Jeni, akitoka shambani. Kwa Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe uso kwa uso, wala hatamki jina lake. Wengi siku hizi wameacha. Mzee Ambokile hajaacha, na Jeni hajaacha. Akaruka nje ya njia, akachuchumaa majanini, akajifunika kanga kichwa kizima. Mpiga picha akapiga.

Baada ya mkutano Neema alirudi na bango. Hosiana, wifi yake Jeni, akaja kutazama. Kwenye picha palikuwa na yule mzungu anapita kifua mbele, na mwanamke mweusi amejikunyata miguuni pake. Neema akasoma maandishi: "Tutainama mpaka lini?"

Hosiana akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi! Huyu mzungu alitoa ng'ombe wangapi mpaka umtii kama baba mkwe?"

Jeni hakucheka. Pembeni mwa picha, nyuma ya bega la mzungu, alikuwa ameona fimbo na koti analolijua.

"Mimi sikumwinamia huyu," akasema. Jina hakuweza kulitaja. Akaonyesha kwa kidevu. "Nilimkwepa yule. Mmenitia karatasi moja na yule! Watu wa dunia nzima wametutazama pamoja!"

"Mama, picha imeshasafiri. Imewagusa wengi. Ukinyamaza hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi. Toeni picha. Bakizeni habari ya dawa."

Neema akapeleka maneno hayo kwa wakubwa wake. Jibu likaja kwa barua. Picha imeondolewa. Kwa kuwa picha haikuwa ya kweli, ushahidi wa Jeni nao umeondolewa, ili kazi yao isitiliwe shaka.

"Nisomee tena," Jeni akasema. Neema akasoma tena, macho yake chini.

"Uongo ni wao. Ukweli ni wangu. Wametupa vyote pamoja?"

"Ndivyo walivyoamua, mama."

"Ndaga," Jeni akajibu, na shukrani hiyo ilimtoka kama tonge lililooza.

Mwenye nyumba alipopata habari, akawaambia watu sokoni kwamba hata wazungu wenzake wamemkuta yule mama mwongo. Davidi alikuwepo, akatazama viatu vyake. Mzee Ambokile naye aliposikia habari ya picha, aliiacha njia ya migombani. Sasa anazungukia mbali, na magoti yake mabovu.

Jeni bado anafinyanga. Vyungu hapeleki tena ufukweni.

Shirika lile linadaiwa karatasi moja yenye dole gumba la Jeni, irudishwe mahali ilipotolewa, isomwe mbele ya wale wale walioitazama picha. Mpiga picha anadaiwa kuja kumwomba radhi mzee. Davidi anadaiwa kusema alichokifanya, na aliyemwamuru. Na mwenye nyumba anadaiwa kusimama kwenye geti lake mchana kweupe, watu wakiwepo, aseme kwamba alimpulizia dawa mtu, na akamwacha mbwa apite.