Maji ya Nyuma ya Mashua

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili msidhani habari hii imeandikwa na baharia. Nashona nguo kwenye baraza yetu mtaani Kasha, mlimani juu ya ziwa, mashine yangu inatazama barabara, na watu wa mtaa husema kwamba siku nyumba yangu ikiota magurudumu ndiyo siku nitakayofika mjini.

Mashua niliipata kwa sindano. Mzungu mmoja mzee aliyeishi kando ya ziwa alikuwa akiniletea tanga lake kila lilipopasuka. Alipoondoka kurudi kwao kabisa, aliniachia mashua yote, pamoja na lile tanga, ambalo kwa viraka lilikwisha kuwa langu zaidi kuliko lake.

Mama yangu alipoziona karatasi alicheka mpaka akakaa chini.

"Weye? Mutu mwenye anaogopaka mvua?" Halafu akapangusa macho. "Basi utanipeleka kwa yaya."

Yaya wake, yaani mama yangu mkubwa, anakaa Kalehe, katika nyumba iliyo karibu na maji. Barabara ya siku hizi si ya kumpandisha mama mwenye magoti kama yale. Nikaahidi. Niliahidi mbele ya majirani, jambo ambalo mtu wa nyumbani hapaswi kulifanya hata akilewa.

Ufunguo nilimpa rafiki yangu. Tulikaa benchi moja sekondari yote: yeye alinakili Kifaransa changu, mimi nikanakili fizikia yake. Ndivyo yeye akawa fundi wa moteri za ziwani na mimi nikabaki na cheti. Nilimwambia afungue mashua mara moja moja, aipitishie hewa. Nyumbani kwangu ufunguo ule ungeota kutu tu.

Moteri yenyewe ni ndogo, ya mazutu, yaani dizeli, imejificha chini ya ngazi. Inakunywa ziwa. Maji yanaingia kwa tundu lenye robine ya kuyafungia chini ya mashua, yanapita kwenye chujio, pampu inayavuta na kuyazungusha ili moteri isiungue, kisha yanatemwa nyuma pamoja na moshi. Kwa hiyo ukiwasha tu, kabla hujajidai nahodha, unainama nyuma na kutazama. Ikitema maji, nenda. Ikitoa mvuke mkavu, zima haraka.

Siku ya posho ya kwanza, yaani Jumamosi ya kwanza tuliyopanga kusafiri, haikutema. Mama alikuwa amekwisha kukaa ndani na kitunga chake. Tukapanda mlima kurudi nyumbani.

Fundi alinifundisha utaratibu, na alinifundisha vizuri, sitamnyima hilo. Funga robine, fungua chujio, toa uchafu. Fungua robine kidogo: maji yakipanda, tundu la chini ni zima, tafuta mbele. Kisha legeza skurubu za pampu, toa turbini, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa sita. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika.

"Ni chokaa," akasema, akikigeuza mkononi kama daktari. "Mayi ya ziwa yetu inakulaka mupira."

Niliamini. Chokaa tuliisoma pamoja. Akaweka turbini nyingine, na posho iliyofuata nayo ilikuwa imekatika. Akachonga ya tatu mwenyewe kutoka kwenye tairi la kamiyo ya mizigo, kazi safi kabisa, nami nikamsifu mtaa mzima. Posho ikafika: mvuke. Kila mara mama alikuwa anateremka na kikwembe chake, kitenge kizuri, anatazama nyuma ya mashua, anatutazama sisi.

"Hata ungeishona na uzi ile moteri, leo ingetoka," aliniambia. Majirani walianza kuniuliza Kalehe kukoje.

Miezi hiyo mama alizidi kuwa mtu wa sala. Mara tatu alienda mafungo ya kina mama wa parokia, siku mbili mbili, na alirudi ametulia, uso unang'aa. Nilifikiri anajiandaa kwa mbinguni kwa kuwa amekata tamaa na Kalehe. Iliniuma sana.

Kisha siku moja fundi alichelewa, nikafungua chujio peke yangu. Ndani mlikuwa na vipande vya makala, yaani makaa, na unyoya wa kuku. Nilikaa navyo kiganjani muda mrefu. Mashua isiyoondoka mahali pake inakula kuku wapi?

"Mvua ilileta," akasema alipofika.

Lakini kabla ya kuondoka nilifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa robine, kwa fundo ninalofungia vifungo vya makoti. Juma lililofuata uzi ulikuwepo, rangi ileile, mahali palepale. Fundo ndilo lililokuwa jingine. Lilikuwa la kufungia mbuzi. Mtu alikuwa ameukuta uzi wangu, akauelewa, akaurudisha. Mikono ile niliijua tangu kidato cha kwanza.

Siku ya tatu ya juma, mimi huyu, niliacha mashine na kuteremka ziwani. Mashua haikuwepo. Nilikaa juu ya jiwe mpaka mchana ukapita. Ikatokea polepole, imejaa magunia ya makala, kina mama na kuku wao, rafiki yangu ameshika usukani, na nyuma yake mvuke mweupe mwembamba.

Pale jiweni nilikuwa nimetayarisha maneno makali. Kilichotoka mdomoni ni hiki:

"Zima! Haitemi!"

Akazima. Wakaisukuma kwa kasia mpaka ukingoni.

"Uko nafanya nini huku katikati ya juma?" akaniuliza, kama ni mimi niliyekamatwa.

"Ni mashua yangu."

"Ni yako siku ya posho." Hakucheka. "Kaka, mashua ya kulala inaozaka. Miye niliifanyisha kazi tu. Na kila posho nilikuwa nakurudishia."

"Ulikuwa unanirudishia yenye kufa!"

"Na ingekuwa nzima, ungeenda wapi? Weye?"

Mama mmoja aliyekuwa anateremsha kuku wake alinihurumia. "Papa, kama ni Kalehe unangojea, ni mpaka juma ijayo," akaniambia.

Nilinyoosha mkono, fundi akanipa ufunguo. Akatoa pia mfukoni turbini moja mpya iliyofungwa kwenye karatasi. Akafungua mdomo kama mwenye neno jingine, akaufunga, akaenda na magunia yake. Benchi moja, miaka sita.

Niliitengeneza peke yangu. Nilisafisha chujio, lililojaa makala hata pampu ikazunguka kavu na kukata mpira, nikatoa turbini iliyokatika na kuyahesabu mabawa: matatu yamebaki, matatu yamepotea. Mpira hauyeyuki, kwa hiyo lazima ulikuwa mbele, umeziba njia. Nikafuata tiyo, lile bomba la maji, mpaka pale linapoingia kwenye moteri, nikaingiza sindano ndefu ya kushonea tanga, iliyopindwa ncha. Bawa moja likatoka, kisha la pili, na la tatu nusu saa baadaye. Nikaweka turbini mpya, nikafungua robine, nikawasha. Ilikohoa, ikakohoa tena, halafu ikatema maji mengi hata yakanilowesha shati. Nilipiga kelele peke yangu ziwani kama mwendawazimu.

Posho ile tuliondoka alfajiri. Mama hakuamini mpaka ukingo ulipokuwa mbali. Mimi kila dakika nilikuwa ninainama nyuma kutazama maji, na yalikuwa yanakuja. Ziwa lilipofunguka upepo ukaanza, nikapandisha tanga, angalau watu waone viraka vyangu. Upepo ukageuka. Nikafungua mdomo kumwambia mama ainame, maana ule mti wa chini wa tanga ukihama upande hupiga kichwa.

Alikuwa ameinama tayari. Aliinama bila kuacha tasbihi yake, kama mtu anayepita mlango wa jikoni kwake.

"Mama."

"Ee."

"Nani alikuambia uiname?"

Akatazama maji. "Mutu anaonaka tu." Kisha: "Usipite karibu na kile kisiwa. Kuko majiwe."

Nikazungusha usukani. Majiwe yalikuwepo.

"Mafungo," nikasema.

"Ile ya kwanza tulisali kweli."

"Na zile mbili?"

"Yaya iko nazeeka, papa. Na miye vilevile. Tungekungojea mpaka wapi?"

"Lakini kila posho ulikuwa unateremuka na kitunga! Unanicheka!"

"Ningebakia nyumbani, ungejua."

"Na turbini? Ulijua nani anaziharibu?"

Alihesabu punje moja ya tasbihi, akahesabu nyingine. "Ningekuambia, ungemufukuza fundi. Nani angenipeleka?"

Nilishika usukani tu mpaka Kalehe. Nilifikiria rafiki yangu alivyofungua mdomo na kuufunga pale ukingoni. Huenda nami nilipaswa kumshukuru kwa kunyamaza, lakini sijafika huko bado.

Mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye maji mpaka vifundoni. Alimshika mama mkono kwa desturi, bila machozi, bila kushangaa, kama watu walioonana juzi. Mimi alinitazama kwa adabu. Aliniona mara ya mwisho nikiwa ningali nasoma.

"Leo mumechelewa," akamwambia mama. "Na fundi yetu iko wapi?"

"Ule aliacha," mama akasema. "Iyi ni mutoto yangu. Iko najifunza."

Wakapanda kuelekea nyumbani, kitunga kati yao. Mimi nilibaki nyuma ya mashua, nimeinama, moteri bado inawaka. Maji yalikuwa yanatoka vizuri, ya uvuguvugu, bila kukatika hata kidogo. Niliendelea kuyatazama.